Fundi Gaudi na Ukurasa wa Mapazia

Kwa miaka zaidi ya ishirini, aliyetoka Kanoni kwenda Kayanga alisoma kazi ya Gaudiosus njia nzima, hata kama hakumjua. Saluni, mashine ya kukoboa kahawa, duka la dawa za mifugo, hoteli ya ndizi na nyama, karibu mabango yote hayo aliyachora yeye kwa brashi na rangi ya mafuta. Watu walimwita Fundi Gaudi. Mwandiko wake ulipendeza, ila kilichompa sifa zaidi ni ukaidi wake. Kinyozi akitaka bango lake liseme pia kwamba anachaji simu, anauza vocha na ana kuku wa kienyeji, Gaudi aliweka brashi chini.

"Anayepita na pikipiki atasoma lipi kati ya hayo?" aliuliza.

Na hakuishia kuuliza. Kazi ikikamilika alisimama hatua chache mbele ya bango, akasimamisha pikipiki iliyokwisha kulipita, akamwuliza dereva wanauza nini pale nyuma. Dereva akibabaika, Gaudi alirudi, akafuta, akaanza upya.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Sitasema zilimdhulumu. Watu walitaka kuona sura zao juu ya milango ya maduka yao, na mashine iliwapa kabla chai haijapoa. Ndani ya miaka miwili Gaudi hakuwa na kazi. Alibaki kibanjani kwake, akipunguza majani ya migomba na kupalilia, na majirani wakaanza kumtambulisha kwa wageni kama yule aliyekuwa fundi. Neno hilo "aliyekuwa" lilimuuma kuliko ukosefu wa kazi wenyewe.

Mwalimu Edgar, anayefundisha kompyuta katika sekondari ya jirani, ndiye aliyemwachia laptopu yake ya zamani na kumwonyesha namna kurasa za mtandaoni zinavyotengenezwa. Gaudi alikuwa na miaka arobaini na tisa. Vidole vyake vilizoea brashi, kwa hiyo kila alipobonyeza herufi moja zilitoka mbili. Alijifunza mwaka mzima. Mkewe, Avelina, alimvumilia mwaka huo wote, halafu uvumilivu ukamwishia.

"Baba Felicitas," alimwambia, "kaka yako Ambrose anatafuta mtu wa kumsimamia kahawa Nyakasimbi. Huyo mama wa Rubwera akiukataa ukurasa wako, uende kwa Ambrose. Tusizungushane tena."

Gaudi alikubali. Ukurasa huo ulikuwa wa kwanza kuombwa na mtu, na ukikataliwa hakuna mwingine aliyekuwa akimsubiri.

Mama wa Rubwera ni Bi Kauthar, mwenye duka mkabala na kijiwe cha bodaboda. Zamani Gaudi alimchorea marehemu mumewe, Ramadhani, bango la duka hilo. Bango lile lilishashushwa, na mahali pake pana la plastiki lenye picha za sufuria, ndoo, chupa za chai, magodoro na mikeka. Lakini kazi anayoipenda Bi Kauthar, na anayoijua hasa, ni kushona mapazia. Watumishi wanaohamishiwa wilayani hufika na begi moja, wanapanga nyumba, na wiki ya kwanza madirisha yao yanafunikwa kwa kanga. Hao ndio aliotaka wampate kupitia simu zao.

Alitoa maagizo marefu. Picha za bidhaa zote, arobaini na tatu. Maandishi yanayotembea. Maua yanayodondoka kutoka juu. Picha yake siku duka lilipofunguliwa, na ya mwanawe Tariq amevaa joho la mahafali. Gaudi alitekeleza kila kitu bila kupunguza hata ua moja, kisha akatengeneza na ukurasa wa pili kwa namna yake. Huo ulikuwa na picha moja ya dirisha lenye pazia la rangi ya maziwa. Chini yake yaliandikwa maneno machache: Mapazia ya kushona kwa kipimo. Rubwera, mkabala na kijiwe cha bodaboda. Kisha namba ya simu. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyeupe.

Bi Kauthar aliutazama huo wa pili kwenye simu ya Gaudi akiwa nyuma ya meza yake, akakunja uso.

"Fundi, huu hujaumaliza."

"Nimeumaliza, Mama Tariq."

"Hapa pana nini?" Akagusa sehemu nyeupe kwa kidole. "Na hapa?"

"Hapana kitu. Ndiyo maana pazia linaonekana."

Bi Kauthar aliiweka simu mezani, na aliposema tena hakuwa na utani. "Nafasi tupu mimi naijua. Mwaka aliofariki Ramadhani rafu zilibaki wazi. Wateja walikuwa wakichungulia mlangoni, wakiziona, wanageuza. Nikawa napanga maboksi matupu ya chupa za chai mpaka juu, watu wasijue. Leo nina mali, halafu wewe unanirudisha kwenye rafu tupu."

Gaudi alimwonea huruma, na wakati huohuo akaiona Nyakasimbi na mikeka ya kuanikia kahawa ikimsubiri. Angeweza kumwachia ule wa maua akaenda zake. Lakini alijua ule ukurasa ni mbovu, na kama kazi yake ya kwanza ingekuwa mbovu, basi ni kweli alikuwa fundi zamani, si sasa.

"Twende tukawaulize wenye pikipiki," alisema.

Bi Kauthar alivuka naye barabara, zaidi kwa kutaka kumshinda. Madereva watatu walikuwa kijiweni wakisubiri abiria. Wakawaamkia shikamoo. Gaudi akaeleza mchezo: unatazama simu mpaka yeye Gaudi ahesabu tano, anaificha, unasema wanauza nini.

Akaanza na ukurasa wa maua. Dereva wa kwanza alisema wanauza maua. Wa pili alidhani ni tangazo la harusi, maana alimwona kijana aliyevaa joho. Wa tatu, Pastory, alisema hajaona kitu, ulikuwa bado unafunguka.

"Hawa hawana macho ya kununua," alisema Bi Kauthar.

Gaudi hakubishana. Akaufungua ule mweupe, akampa Pastory, akahesabu tano, akaificha simu.

"Mapazia," alisema Pastory. "Wanashona kwa kipimo. Ni hapahapa Rubwera, karibu na kijiwe chetu." Akageuza shingo kushoto na kulia. "Nani anashona mapazia hapa?"

Hakuna aliyecheka. Bi Kauthar akamgeukia kijana huyo.

"Pastory, umekaa kwenye kijiwe hiki miaka mingapi?"

"Unaingia wa tatu, mama."

"Na mimi nauza nini?"

"Ndoo, mama. Ndoo na chupa za chai." Akaona amekosea, akashusha sauti, akamwita kwa neno la heshima la kwao. "Samahani, waitu. Sijawahi kuona pazia."

Bi Kauthar aligeuka kulitazama duka lake kutoka ng'ambo ya barabara, pengine kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi. Ndoo zilining'inia toka darini, mikeka imesimama mlangoni, magodoro yamepandiana hadi usawa wa dirisha. Mapazia yalikuwa ndani, nyuma ya vyote hivyo. Akavuka barabara kurudi ndani, Gaudi akimfuata.

Alipoketi aliichukua tena simu ya Gaudi. Aliupandisha ukurasa mweupe, akaushusha, akatafuta kitu pembeni, chini kabisa.

"Mbona hujaandika jina lako?"

Gaudi hakuelewa.

"Mabango yako yote yalikuwa na jina, pembeni chini. Hata lile la Ramadhani. Hii nayo si kazi yako?"

Tangu mashine zije, Gaudi hakuwa ameandika jina lake mahali popote ila kwenye daftari la mahudhurio ya jumuiya ya kanisa. Alifungua laptopu juu ya godoro. Herufi zikatoka mbilimbili, akafuta, akaandika tena taratibu: Fundi Gaudi, Kanoni.

"Liwe dogo," alisema Bi Kauthar, akijifanya kupanga vitambaa. "Wewe mwenyewe hutaki ukurasa ujazwe."

Akalifanya dogo. Kisha akaaga kwamba anakwenda kununua maji, akapita nyuma ya duka, mtu mzima wa miaka hamsini, akasimama pale akalia.