Papa Abdias Apunguza Miaka

Papa Abdias hakuwa na macho. Yaani alikuwa nayo, mawili, makubwa, yenye kope nzuri, ila kazi yake ilikuwa imekwisha miaka mingi. Aliyeona barabara ni binti yake Jemima, aliyekaa kando yake ndani ya lori. "Papa, shimo!" anasema Jemima. "Niliisha kuiona zamani," anajibu baba, na wakati huo gurudumu limeshaingia na mifuko yangu ya viazi imeruka juu na kurudi chini. Mimi Godelive, mchuuzi wa viazi, nimesafiri na mzee huyu kutoka Kipese hadi Butembo, na mara nyingine hadi Beni, kwa miaka kumi na mitano. Kila shimo la njia hiyo nalijua kwa kiuno changu.

Msiniulize kwa nini sikutafuta lori lingine. Papa Abdias hakulewa, hakuacha mzigo wa mtu njiani, na kila safari aliianza kwa sala. Kwa macho yale, sala haikuwa ya mapambo.

Basi leseni yake, ambayo sisi tunaiita permi, ikakaribia kwisha. Kwenye mlango wa ofisi kule Beni palibandikwa tangazo: dereva aliyepita miaka sitini na tano hatapewa permi mpya bila karatasi ya daktari wa macho. Papa Abdias alikuwa na sabini na mmoja. Jemima ndiye aliyemsomea tangazo, maana mwenyewe alidai wameliandika kwa herufi ndogo mno. Zilikuwa kubwa kama mikate.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa daktari mapema, avalishwe miwani, mambo yaishe. Shofere wa zamani hana akili ya namna hiyo. "Mimi mutu wa kuvaa lunettes?" alifoka. "Batu batasema nini? Batasema shofere iko kipofu!" Watu walikuwa wanasema hivyo siku nyingi, lakini nani angethubutu kumwambia? Aliogopa kitu kimoja tu duniani, kushushwa kwenye usukani. Aliushika akiwa kijana, na bila huo alijiona mzee kama wengine wote, wa kuota jua mlangoni na kusubiri chakula.

Kwa hiyo, badala ya kutibu macho, aliamua kupunguza miaka. Alikwenda kwa karani mmoja, mgeni kutoka mbali, akaapa kwamba karatasi zake za kuzaliwa zilipotea vitani, akatoka na nyingine yenye muhuri. Aliyezaliwa 1953 sasa alikuwa amezaliwa 1964. Miaka kumi na mmoja ilifutwa asubuhi moja, na mvi zote zikabaki kichwani.

Ilibaki kupata shahidi wa ukoo, kwa kuwa permi ya zamani ilisema mengine. Akamchukua mdogo wake, Edmond. Mimi nilikuwa na mifuko kumi na minane ya kupeleka soko la Beni, nikapanda nao. Viazi viliposhushwa, tuliingia ofisini wote wanne. Mimi sikuwa na shughuli yoyote mle ndani. Nilitaka tu kuona mtu mzima anavyozaliwa upya.

Mezani alikaa mwanamke kijana aitwaye Rébecca. Alitusalimia kwa Kinande, "Wavukire," na hapo, ningekuwa Papa Abdias, ningegeuka nirudi nyumbani. Akasoma karatasi mpya. Akaomba kitambulisho cha shahidi. Akasoma tena.

"Papa, jina yako njo Kasereka Abdias?"

"Njo mimi."

"Ulizaliwa soixante-quatre. Na huyu Kakule Edmond iko mudogo yako? Ya tumbo moja?"

"Baba moja, mama moja," alijibu Papa Abdias kwa majivuno.

"Mais Kakule alizaliwa cinquante-six." Yaani 1956, na ile soixante-quatre ni 1964.

Kwa asiyejua: kwetu Wanande jina hilo la kwanza haliokotwi njiani. Mtoto wa kiume wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Mtoto wa Butembo anajua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Karani mgeni hakujua. Papa Abdias alijua, lakini hamu ya permi ilikuwa imemla akili.

"Donc wa ine alitangulia wa tatu na miaka munane," alisema Rébecca bila kucheka. "Mama yenu alihesabiaka namna gani?"

Waliocheka ni watu wa kwenye foleni. Mimi pia nilicheka, sifichi.

"Papa, iko njia mbili," Rébecca aliendelea. "Papa Edmond anaandika hapa kama yeye njo mukubwa, majina tu njo biligeuzwa. Minapiga cachet, unapata permi leo. Ao unaenda kwa docteur wa macho, mulango ule."

Edmond, aliyekuwa amesinzia tangu Butembo, alikuwa ameshashika kalamu. "Minaandika wapi?" Sijaona mtu wa miaka sitini na minane akiwa mwepesi hivyo. Wakubwa wao wawili walishakufa, na katika ukoo, mkubwa ndiye anayesema wa kwanza kikaoni, ndiye mwenye neno juu ya msitu wa mikaratusi ulioachwa na baba yao. Edmond alikuwa amengoja zamu hiyo tangu kuzaliwa, na sasa kaka yake mwenyewe alikuwa amemleta kwa lori hadi mezani.

Papa Abdias alimgeukia. Sijui aliona kiasi gani, lakini kalamu aliiona.

"Edmond, weka bic chini."

"Yaya, minakusaidia tu," alimjibu kaka yake.

"Weka chini! Mimi njo Kasereka!"

Aliikunja karatasi yake mpya mara nne, akaitia mfukoni, akasimama. "Mulango iko wapi?" aliuliza. Mlango ulikuwa mbele yake. Kicheko kiliniisha, nikamhurumia sana.

Daktari alimwonyesha herufi ya kwanza ukutani, ile kubwa kuliko zote. Kwa mazoea Papa Abdias aligeuza kichwa kando. "Jemima, inasema nini?" Daktari hakuuliza ya pili. Alimwandikia miwani ya kumsaidia kutembea, na kuhusu kuendesha akaandika hapana.

Ndipo Jemima alipotoa permi yake mwenyewe kutoka ndani ya Biblia. Alikuwa nayo miaka minne, akiificha asimuumize baba. Alituendesha kurudi Butembo siku ileile. Papa Abdias alikaa mahali pa Jemima, miwani mipya puani, ameinama mbele kabisa, mikono miwili imeshika magoti.

"Jemima, shimo!" alipiga kelele.

"Nimeona, Papa," alijibu binti yake.

Shimo lilikuwa nyuma yetu kitambo, na kiuno changu hakikuwa kimelisikia.