Sentimetre Tisa za Yaya

Nitaanza na upumbavu wenyewe, ili mtu asiseme kesho kwamba niliuficha. Nilimwandikia kochi wa basketi wa chuo kikuu kimoja cha Kampala kwamba yaya wangu iko na urefu wa metre moja na sentimetre themanini na nane. Yaya, yaani dada yangu mkubwa, iko na metre moja na sabini na tisa. Zile tisa za juu nilimpa miye. Mungu alikuwa ameshamaliza kazi yake, miye nikaongeza.

Mwanzo wake lakini ulikuwa kosa la kweli. Uongo ulifika kesho yake.

Mama anashona nguo pale sokoni, na metre yake ya kupimia watu, ule utepe wa manjano, haina mwanzo. Siku moja makasi yalipita juu yake pamoja na kikwembe cha mteja, na sentimetre tisa za kwanza zikaenda na mabaki. Kununua nyingine alikataa. Alisema hii inajua mikono yake. Basi akimpima mtu kiuno na kusoma themanini na tisa, anaandika themanini, bila hata kufikiri. Nyumbani wote tunajua hesabu hiyo: soma, kisha toa tisa.

Utepe huo unaishia mia moja na hamsini, na yaya anaupita mbali. Nilimsimamisha kwenye mlango, nikapima kutoka chini mpaka utepe ulipoisha, nikatia alama ya kalamu, nikapanda juu ya kiti, nikaanza tena kutoka kwenye alama. Mia moja na hamsini, halafu arobaini na saba. Jumla mia moja tisini na saba. Nikatoa tisa kama mtoto wa mshonaji anavyofanya, nikapata moja themanini na nane, nikashuka kwenye kiti nikiwa na heshima mpya kwa yaya.

Kesho yake, katika somo la dini, pahali ambapo akili yangu hufanya hesabu vizuri sana, niliona kosa. Utepe niliuanza mara mbili, na kila mara ulikuwa na upungufu wake. Nilipaswa kutoa tisa mara mbili. Nilirudi nyumbani mbio. Formileri ya kochi, ile fomu ya maswali yake, nilikuwa nimeijaza asubuhi katika telefone ya mama, lakini rezo ya simu ilikuwa imekatika mji mzima wa Bunia, na ile saa ndogo ya kungojea ilikuwa bado inaonekana pembeni ya ujumbe. Ningeweza kufuta. Nilikaa nao, kidole juu ya kioo kilichopasuka, nikawaza kwamba sentimetre tisa kwa mtu wa Kampala si kitu, kule iko na magorofa. Saa nane rezo ikarudi, na ujumbe ukaenda.

Yule kochi alikuwa ametupata kupitia video. Miye ndiye niliipiga, siku ya mechi ya mwisho ya lise, shule ya sekondari ya yaya: anaruka katikati ya wasichana wawili, anachukua mpira juu ya vichwa vyao kama mtu anayetoa sufuria juu ya kabati. Niliiweka kwenye telefone, watu wakaipitisha, ikavuka mpaka, na siku moja tukapata ujumbe wa mtu tusiyemjua, anauliza kama huyo msichana iko na diplome karibu, na kama wazazi wake wanaweza kuongea juu ya bursi. Bursi maana yake ni kwamba angesoma bure, mradi acheze. Yaya alikuwa anamaliza sekondari mwaka huo. Nyumba yetu ilikuwa bado haijapeleka mtu yeyote chuo kikuu.

Formileri yenyewe ilikuwa na orodha ya michezo ya kuchagua. Mmoja hatukuujua, nikamtafutia mama picha: mtu anapiga mpira mdogo na rungu, halafu anatupa rungu na kukimbia kwa nguvu zote. Mama aliangalia muda mrefu, akauliza wanakimbia nani. Nikamwambia hawakimbii mtu, wanakimbia tu. Akasema basi waendelee, na nitie alama kwenye basketi.

Jibu la kochi lilikuja jioni hiyohiyo. Aliuliza mara mbili: themanini na nane kweli? Nikajibu ndiyo, kwa jina la mama. Kutoka hapo nyumba haikukaa tena na utulivu. Papa anafanya kazi Nyankunde, kwenye maabara ya hospitali, na anarudi kwetu wakati barabara inakubali. Alianza kupiga simu kila siku akiwa na maswali, na mama aliyaandika nyuma ya kayee, daftari langu la jeografia, ili niyatume. Nani anawapikia wasichana kule? Siku ya Mungu wanacheza ao wanasali? Mtu akivunjika goti, wanaendelea kumusomesha ao wanamurudisha? Kochi alijibu yote isipokuwa la goti. Hilo, alisema, ni la kuongea uso kwa uso, na kwa sababu ya urefu huo atakuja mwenyewe.

Kwa sababu ya urefu huo. Nilisoma maneno hayo mbele ya mama kwa sauti ya kawaida, kisha nikaenda nyuma ya choo kupumua.

Zile wiki mji nao haukuwa unakaa. Habari ya vita inatoka upande wa Djugu saa nne, maduka yanafungwa; saa sita habari inakuwa ya uongo, maduka yanafunguliwa. Shule inaturudisha nyumbani leo, kesho prefe, mkuu wa shule, anatuuliza juu ya nini, yaani kwa nini, tulikosa. Amani yetu ilikuwa ya namna hiyo: unaona watu wanauza nyanya, lakini kila mmoja iko na viatu miguuni. Yaya alikuwa anadundisha mpira ndani ya lopango, uwanja wa nyumba yetu, toka asubuhi mpaka jirani anaita Yesu. Mama anakanyaga mashini yake, anasimama, anaangalia telefone, anakanyaga tena. Na miye kila siku nilikuwa naangalia kichwa cha yaya kama mtu anayengojea muhogo uote.

Nilijaribu kusaidia. Nilimwambia aning'inie kwenye pete ya kikapu dakika kumi kila siku, nikadai wachezaji wa Amerika wanafanya vile. Alining'inia, pete ikapinda, tukakimbia. Halafu nikamwambia Kampala wasichana wote wanasuka nywele za kusimama. Hilo alilipenda. Alirudi na nywele juu ya kichwa kama sufuria ndogo, nikamzunguka mara mbili nikipiga hesabu.

"Leki, juu ya nini unaniangalia kichwa kila siku?" akauliza. Leki ni miye, mdogo wake.

"Hapana kitu. Uko murembo tu."

"Weye haujasema vile tangu uzaliwe. Umevunja nini?"

Nikasema sijavunja kitu. Wakati huo ilikuwa bado kweli.

Kochi alifika siku ya posho, yaani jumamosi, akipitia Mahagi. Nilitegemea jitu. Akashuka juu ya moto, yaani pikipiki, mtu mfupi kuliko miye, na kofia, na filimbi shingoni. Asubuhi hiyo kulikuwa tena na maneno upande wa barabara ya Fataki, na mama hakutaka kuacha sakoshi yake nyumbani, ile inayokaa karibu na mlango siku zote na makaratasi yetu ndani. Alikuja nayo kiwanjani, amevaa libaya yake nzuri, akaiweka juu ya magoti kama mutoto.

Yaya alicheza na wasichana wenzake wa lise, na miye nilisahau shida yangu kwa muda. Chini ya kikapu hakuna aliyempokonya kitu. Kochi alikuwa anaandika, anaandika. Halafu akamwita pembeni, nje kabisa ya ule mstari wa mviringo, akamwambia atupe kutoka kule. Yaya alitupa mara kumi na mbili. Moja iliingia, na hiyo ilipiga kwanza mti. Kochi alicheka vizuri. Alisema si neno, pivo hana kazi na kule. Pivo ni yule mrefu anayesimama chini ya kikapu, na ni pivo aliyekuja kumtafuta.

Kisha akatoa mfukoni metre ya chuma, ile ya maseremala inayojirudisha yenyewe, na kitabu kigumu. Akamwambia yaya asimame kwenye ukuta wa darasa bila viatu. Akapanda juu ya banki, benchi la wanafunzi, akaweka kitabu juu ya nywele, akakandamiza. Kitabu kikashuka. Akakandamiza tena, kikashuka tena, mpaka sufuria yote ikalala. Alisoma. Akashuka, akatafuta karatasi yake, akapanda, akasoma mara ya pili.

"Mama," akasema, "hapa mliandika themanini na nane. Ukuta unasema sabini na tisa. Nani aliandika?"

Yaya alitazama ile karatasi kama imebeba jina la mtu mwingine. Mama aligeuka polepole, na hakugeukia upande wa yaya.

"Ni miye," nikasema.

"Ulikosea?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Ningesema ndiyo, ningeeleza utepe na makasi, hata angecheka. Lakini mama alikuwa ananiangalia.

"Nilikosea siku ya kwanza. Siku ya kutuma nilikuwa najua."

Kochi alitikisa kichwa, akaniacha. Akamgeukia mama, akamuuliza: "Na umri wa msichana je, mama? Huo nao ni huyu aliandika?"

Kwetu kila mtu anajua swali hilo linatoka wapi. Mchezaji anaweza kuwa na miaka kumi na saba mpaka watoto wake waanze shule. Watu wanakata miaka kama wanavyokata nywele, na huyu mtu alikuwa ameshakatiwa mara nyingi, ilionekana usoni. Kwa mkono wangu nilikuwa nimefanya kila karatasi ya yaya iwe ya kunuka.

Mama alifungua sakoshi. Akatoa fishi ya chanjo ya yaya, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Akatoa kadi ya ubatizo ya Fataki, pahali alipozaliwa. Akatoa matokeo ya shule toka mwaka wa kwanza wa primeri, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya banki, na pembe moja ilikuwa na alama ya maji ya mvua ya siku tuliyotoka kule kwa miguu. Kochi alivua kofia, akasoma kila moja mpaka mwisho.

"Haya ni safi," akasema. Akazirudisha kwa mikono miwili.

Halafu akasema lingine, na hilo bado nalisikia nikiwa kwenye somo la dini na pengine pote. Alisema alikuwa na nafasi mbili mwaka huo, moja ya nje na moja ya pivo. Ya nje alikuwa ameshamwahidi msichana wa Aru wiki iliyopita, kwa sababu alijua Bunia anakuja kuchukua pivo. Kwa sabini na tisa, kule kwao yaya hawezi kusimama chini ya kikapu, watamla.

"Kama mngeniandikia sabini na tisa," akasema, "ningemwekea ile ya nje, na kule angefundishwa kutupa. Sasa nimeshaahidi. Nitapita tena mwaka kesho, wakati wa vakansi kubwa, shule zikifungwa. Lakini sitafundisha tena kutoka mwanzo. Nikirudi, nimkute anafunga kutoka pale." Akaonyesha na filimbi, kule nje ya mstari.

Tulirudi kwa miguu. Yaya alitangulia, anafumua nywele huku anatembea, nyuzi nyeusi zinaanguka barabarani na miye ninazipita. Mama katikati. Nilikuwa na mizaha kama minne hivi, mmoja ulikuwa mzuri kweli, juu ya kitabu na sufuria. Niliimeza yote. Nilimwambia yaya pole kwenye kona ya kinu. Hakusimama. Alisema tu kwamba angekuwa ametupa vizuri kama angejua ni kwa ajili ya nini, na sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kofi.

Nyumbani papa alipiga simu. Mama alimweleza kwa maneno machache, hakupunguza, hakuongeza. Halafu akanipa telefone. Nilisikia papa anapumua, na nyuma yake mtu anaburuta kitanda cha magurudumu. Mwishowe alisema nimrudishie mama yangu telefone.

Siku ya Mungu tulienda kusali, tukarudi, hakuna aliyesema nami neno isipokuwa "pitisha chumvi". Yaya alilala akiangalia ukuta. Mama, ambaye hashoni siku ya Mungu, alikaa mbele ya mashini yake iliyofunikwa, mikono juu ya kifuniko, na mguu mmoja chini ukikanyaga hewa. Nilikaa mlangoni. Nilijiambia akiniuliza juu ya nini nilifanya vile, nitasema kweli: nilitaka aende. Nilitaka mmoja wetu aende pahali ambapo watu wanakimbia tu. Hakuuliza. Mguu ulisimama, na mama akasema hivi, sikuongeza hata neno moja:

"Yaya yako hatarefuka tena. Njo vile Mungu alimupima. Sasa atajifunza kufunga kutoka mbali. Kesho asubuhi, mbele ya masomo, mutaenda wote wawili ku kiwanja. Yeye atatupa, weye utaokota. Kila siku, mpaka ule muntu arudie. Siku barabara ikifungwa, mutafanyia hapa mu lopango, na jirani nitamusemesha miye. Sasa niletee ule mupira, nione kama iko na upepo."