Fundi wa Makongeni anayeifundisha kompyuta kurudisha inachoazima

Saa tatu kasorobo asubuhi, benchi la zahanati ya kanisa iliyo kando ya Jogoo Road limejaa mpaka mlangoni, na Triza Mideva yuko chini ya meza. Zinaonekana raba zake tu. Sauti inatoka huko chini ikiuliza kama skrini ya nne imewaka.

"Imewaka," anajibu Shiundu, karani wa mapokezi. "Na imeandika jina la mgonjwa mwenyewe, si la jirani yake. Toka, madam, chai inapoa."

Triza anatoka na vumbi kwenye nywele, akicheka. Mwezi mmoja uliopita utani huo ungemliza.

Siku moja mwezi huo, Mzee Odera, fundi mstaafu wa reli, alikuja kufuata dawa yake ya presha. Printa ikamtolea kadi inayomtaka arudi Jumanne kwenye kliniki ya wajawazito.

"Mzee aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena," anasimulia Shiundu. "Kisha akaniuliza, 'Kijana, ni wa miezi mingapi?'"

Benchi zima lilicheka. Kicheko kilikatika pale muuguzi wa dirisha la dawa alipomnyang'anya mama mmoja mwenye mimba kadi iliyoandikwa dawa ya presha ya Odera. Matroni Nakhumicha alitembea hadi ukutani, akachomoa plagi mwenyewe.

"Makosa ya kalamu nayajua, nimeyasahihisha miaka ishirini," anasema Matroni. "Haya sikuyajua. Nikamwambia, 'Mwanangu Triza, nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ikishindikana, turudi kwenye madaftari, nawe utafute kazi kwingine.'"

Kazi yenyewe humlipa Triza, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, shilingi elfu sita na mia tano kwa mwezi. Alianza kama mpiga chapa. Mitambo ya kupigia chapa ilipoanza kuondolewa maofisini, alibeba vitabu vya maelekezo ambavyo hakuna aliyekuwa akivifungua, akavisoma mpaka vikalegea majalada.

Kompyuta ya zahanati ni moja tu, ya msaada, na kumbukumbu yake ni megabaiti nane. Ndani yake kuna kadi inayoiunganisha na skrini sita. Programu ya kuiendesha kadi hiyo huishi kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa dogo huangusha kila kitu. Mafundi huiita dereva. Triza alipowaambia majirani kwamba siku hizi anaandika madereva, aliletewa vijana wawili wenye leseni.

Dereva wa zamani alikuwa na tabia moja mbaya. Kompyuta ikiwashwa tu, alichukua kumbukumbu ya kutosha skrini kumi na sita, akaikalia mpaka jioni, ingawa zilizokuwapo ni sita.

"Ni kama mtu anayefika kanisani mapema na kutandika leso benchi tatu, eti jamaa zake wanakuja," anaeleza Triza. "Jamaa hawaji, na waliokuja wanasimama. Ikifika saa sita, mashine imekwama, kina mama wanaambiwa warudi kesho."

Akaamua kumwandika upya. Dereva mpya angeomba kumbukumbu skrini inapowaka, na kuirudisha kwa kiini inapozimwa. Kukwama kukaisha siku iyo hiyo. Triza anakiri kwamba alitembea wiki mbili bila kukanyaga chini. Halafu Mzee Odera akapewa mimba.

"Mtu akikuharibia kazi, unamkasirikia," anasema. "Hii niliiharibu mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiitengeneza."

Alisoma programu yake yote, mistari mia tisa, mara tatu. Kila mahali palipoazima, palirudisha. Aliandika barua pepe kwa watu wa nje ya nchi wanaoutunza mfumo huo, ambao ni wa bure na yeyote huruhusiwa kuufungua. Mmoja alimjibu kwa sentensi moja ya adabu: achunguze anavyorudisha. Triza akaudhika. Si ndicho alichokuwa akichunguza?

Ikafika Jumapili. Nyumbani Makongeni, katika nyumba ambayo marehemu baba yake, Luseno, aliipata alipokuwa mpiga ishara wa reli, mama yake Phelister ndiye mtunza vyombo wa kikundi cha akina mama. Ukiwa na arusi au matanga, sufuria kubwa unaiazima kwake.

Mchana huo walifika wanawake wawili kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa na harambee, mwingine alikuwa na wageni wa mahari. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa sufuria kubwa. Stoo ilikuwa na moja.

"Mama, uliahidije sufuria ambayo haipo?" aliuliza Triza.

"Ipo. Ilirudishwa," alisema Phelister. "Akech aliyeiazima alinipigia kelele dirishani Jumatano, 'Mama, sufuria nimerudisha.' Alhamisi wifi yake akapita, 'Mama, ile sufuria tumerudisha.' Nikahesabu mbili."

"Kumbe ni ile ile?"

"Ile ile. Imerudi mara moja kwa miguu na mara mbili kwa mdomo. Kuanzia leo, anayesema amerudisha anionyeshe alichoshika. Na akishanipa, mkono wake ubaki mtupu, asije akanirudishia tena hewa."

Wale wanawake wanakumbuka kwamba Triza aliketi kwenye ngazi, akashika kichwa. Mmoja alidhani amepata habari ya msiba. "Nilimpa pole," anasema. "Akanishukuru sana, nikaogopa zaidi."

Jumatatu aliliona kosa. Waya wa skrini ukilegea, sehemu moja ya dereva ilirudisha kumbukumbu. Muda mfupi baadaye, sehemu nyingine, iliyokuwa ikiifunga skrini hiyo, ilirudisha kipande kile kile. Kiini kikaamini kina vipande viwili, kikaviazimisha kwa skrini mbili. Odera na yule mama walikuwa wameandikwa juu ya kipande kimoja.

Dawa yake ilikuwa mistari minne: kabla ya kurudisha, angalia kama umeshika kitu, na ukisharudisha, mkono uwe mtupu.

Siku tatu zilizofuata, Shiundu alifanya kazi anayosema ndiyo bora aliyowahi kupewa: kuchomoa waya ovyo. "Mara mia mbili na kumi. Kila nikichomoa, naye anasali."

Ijumaa, Matroni alitaka mgonjwa wa kwanza wa kujaribia. Mzee Odera akasimama bila kuitwa. Printa ilikwaruza, akaipokea kadi, akawasomea waliokaa: "Odera. Presha. Mwezi ujao." Kisha akamgeukia Triza. "Binti, sasa nimejifungua salama."

Triza hasimulii habari hii bila kuwataja watu. Anamshukuru Matroni kwa ile wiki moja, maana wengine wasingempa hata siku. Anamshukuru Mzee Odera kwa kuchagua kucheka. Kwa mama yake, anasema, hajapata maneno: "Nilimwambia amenitengenezea kompyuta. Akaniuliza kama sasa italeta sufuria."

Mistari yake minne aliipeleka kwa wale watunzaji wa nje, wakamwandikia kwamba wameipokea. Barua hiyo ameichapisha, Matroni ameibandika ukutani juu ya plagi.

Jumatatu ijayo anaanza kazi kwenye zahanati nyingine ya kanisa hilo iliyoko Majengo, ambako wagonjwa bado huandikwa mkono na foleni hufika barabarani. Anataka ifikapo Krismasi wagonjwa wasiwe wanarudishwa nyumbani bila kuonwa. Wamemwonya kwamba kompyuta ya huko ina megabaiti nne tu.

"Nne zinatosha," anasema Triza. "Mimi nimelelewa pamoja na watu wanane katika chumba kimoja, na wageni walikuwa wanalala."