Mtumbwi Uliosubiri Mgeni

Sipendi sherehe za ufunguzi. Wajukuu zangu wananicheka, wanasema bibi akiona utepe umefungwa mahali anakunja uso kama amelamba ndimu. Wacheke tu. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikaa mwaka mzima kwenye chama cha kusaidiana pale Ifakara, na utepe wa chama kile niliushona mimi.

Nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya ndoa kunishinda. Masista wa misheni walikuwa wamenifundisha kushona tangu usichana, na mwenye duka mmoja, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, akanipa nafasi ya kuweka cherehani barazani kwake. Chama kilianzia kwenye baraza hilo. Mwanzilishi na mwenyekiti wake alikuwa askari wa zamani, amerudi kutoka vita vya Burma na goti bovu na sauti ya kuamrisha. Huko vitani kazi yake ilikuwa kubeba majeruhi kwa machela. Alipokuwa akinywa kahawa pale dukani hakuwa na hadithi nyingine, ila kwamba yeye amebeba watu kwenye milima chini ya risasi wakafika hospitali wazima, na hapa kwetu watu wanafia ng'ambo ya mto huku hospitali ya misheni wanaiona kwa macho.

Alisema kweli. Masika yakikolea, Kilombero inaacha kuwa mto, inakuwa bahari ya matope na nyasi. Kivuko kinasimama. Mitumbwi ya wavuvi wetu ni myembamba, mtu anakaa amekunja magoti, akijitikisa kidogo maji yanaingia. Mgonjwa asiyeweza kukaa utamlaza wapi? Kwa hiyo chama kikaamua kuchonga mtumbwi mkubwa, mpana, wenye nafasi ya machela, wa kuvushia wagonjwa bure.

Mimi nilijiunga kwa sababu ya dada yangu. Aliolewa ng'ambo, kwenye mashamba ya mpunga, na mimba zake mbili za kwanza ziliishia vibaya: siku mbili tatu za uchungu, na mtoto anatoka amekufa. Daktari wa misheni alimwambia wazi kwamba mimba ya tatu asithubutu kuzalia nyumbani. Mwaka ule alikuwa na mimba ya tatu, na hesabu zetu za kike zilionyesha atajifungua katikati ya masika.

Lazima niseme ukweli, mwanzoni tulikuwa na raha. Jumamosi tulilima shamba la chama, Wakristo na Waislamu, kisha tukala pamoja wali na samaki aina ya kitoga chini ya kibanda cha nyasi. Wanawake tuliuza vitumbua na samaki wa kukausha. Tulicheza ngoma, watazamaji wakatoa walichonacho, wengine senti, wengine mchele kwenye kikapu. Mke wa mwenye duka alinifundisha kupika vitumbua visivyonyonya mafuta, nami nikamfundisha kutarizi. Mwenyekiti alitaka sare, nikashona sare: mashati na magauni meupe ya kitambaa cha marekani, na mshipi wa bluu wa kuvaa begani. Alitupanga mistari, akatupigisha gwaride. Wavuvi wenye miguu iliyopasuka wakaenda kushoto-kulia kama watoto wa shule, na sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Dada alivuka kiangazi kuja kutuona, tumbo bado dogo, kichwani amebeba kikapu cha mchele wa kuchangia. Mwenyekiti alimsimamisha mbele ya wanachama.

"Mama," akamwambia, "siku yako ikifika usihangaike. Leta habari tu. Mtumbwi tutakaouchonga ni wako, nasema mbele ya hawa wote."

Tulipiga makofi. Dada akafunika mdomo kwa upande wa kanga, kama alivyofanya kila alipoona haya. Nilitaka abaki kwetu mpaka ajifungue, na usiku aliolala kwetu mama alimbembeleza sana. Hakukubali. Mpunga ungepandwa na nani? Ndege na nguruwe wangefukuzwa na nani? Na mbona mtumbwi unakuja?

Mti wa mvule ulipatikana msituni, mbali, upande wa Mlimba. Wanaume walikaa huko wiki kadhaa, wakauchonga palepale ulipoangukia, wakauburuta kwa kamba na nyimbo mpaka majini, wakashuka nao mto. Siku walipofika tuliwapokea kwa vigelegele. Ulikuwa mzuri jamani. Nilipitisha mkono ubavuni mwake, mti ukiwa bado na ubaridi wa msitu, nikamwona dada yangu amelala humo amenyoosha miguu.

Hapo ndipo akaingia mgeni wa heshima. Alikuwa mzaliwa wa kwetu aliyetajirika Morogoro kwa mashine ya kukoboa mpunga. Aliposikia habari za chama alituma salamu kwamba atakuja mwenyewe kuufungua mtumbwi, na siku hiyo hiyo atatoa fedha za mtumbwi wa pili. Mtumbwi wa pili! Mwenyekiti alitembea siku nzima bila kuchechemea. Ikaamuliwa kwamba mtumbwi apakwe rangi, afungiwe utepe, asiguse maji tena mpaka mgeni afike. Nasema "apakwe" kwa sababu tulikwisha kuanza kumsema kama bibi harusi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Bonde lile, mtoto anayeota meno anajua kwamba mtumbwi mpya hauachwi ukauke. Mti wake ni mbichi. Unazamishwa kwenye maji ya kina kifupi, au unajazwa maji na kufunikwa majani mabichi, mpaka mti utulie. Usipofanya hivyo unapasuka. Nusu ya chama chetu walikuwa wavuvi na watoto wa wavuvi. Hakuna hata mmoja ambaye hakujua.

Mvuvi mmoja mtu mzima alisimama kwenye mkutano. "Mwenyekiti, tuuzamishe kwanza. Mgeni akikaribia tutautoa."

"Na rangi je?" mwenyekiti akauliza. "Tumpokee mgeni na kitu chenye matope? Anakuja mwezi ujao, mzee wangu. Mwezi mmoja tu."

Mvuvi akatutazama sisi wengine, tukatazama chini. Kubishana na mwenyekiti mbele ya watu tuliona ni utovu wa adabu, na fedha za mtumbwi wa pili zilikuwa zimetuziba midomo kuliko adabu yenyewe. Akaketi. Mtumbwi ukapakwa bluu na nyeupe, ukawekwa juu ya magogo mbele ya duka, kwenye jua la kiangazi linalopasua hata visigino. Mimi nikashona utepe mwekundu kutoka kwenye kitambaa cha satini alichokitoa mwenye duka.

Mgeni hakuja mwezi ule. Alituma salamu, biashara imembana. Mwezi uliofuata alikuwa mgonjwa. Mvua za kwanza zilipoanguka mwenyekiti alijenga banda la nyasi juu ya mtumbwi, zuri, lisilovuja hata tone, ili rangi isiharibike. Hata mvua ya Mungu tuliizuia isiuguse. Palipotokea ufa mdogo alijaza nta na kupaka rangi juu yake. Kisha masika yakaingia, barabara ya kuja Ifakara ikakatika, magari yakalala kwenye matope, na mgeni akatuma salamu za mwisho kwamba atakuja barabara ikikauka. Yaani mtumbwi wa masika ufunguliwe kiangazi. Tuliipokea habari ile kwa utulivu, tukaendelea na gwaride. Mpaka leo nikikumbuka utulivu ule natamani kumpiga mtu.

Asubuhi moja ya mvua nyembamba, mdogo wake shemeji yangu, yaani wa mume wa dada, alifika barazani, amelowa mpaka kiunoni, kasia bado mkononi. Alikuwa amevuka peke yake kwa mtumbwi mdogo.

"Shikamoo dada. Shemeji ameshikwa na uchungu tangu jana. Anasema mlete ule mtumbwi."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye banda na mkasi wangu. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kufika. Alisimama kati yangu na utepe kwa muda wa kuvuta pumzi, si zaidi, uso wake unahangaika, na mwenye duka akamkemea kutoka nyuma yetu, "Kata, mwanamke! Utamngoja nani tena?" Nikakata.

Tuliubeba kwa mabega, wanaume na wanawake, tukikimbia kwenye matope. Mtu mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Ulipogusa maji ulielea vizuri, tukashangilia. Makasia yalikuwa hayajachovywa mara nyingi wakati rangi ya bluu ilipoanza kubanduka kwa vipande virefu kama ganda la muhogo, na chini yake ufa ukafunguka, kutoka nyuma, kwenye tezi, mpaka karibu na katikati. Nta ilitoka yote kwa pamoja. Maji yakajaa, waliokuwamo wakaruka, wakauvuta ufukweni.

Tulivua mishipi yetu ya bluu tukaishindilia kwenye ufa. Haikushika. Mwenye duka akaleta lami, mvua ikaizuia kukauka. Mwenyekiti alipiga magoti kwenye matope, na lile goti bovu, akigandamiza matambara kwa vidole gumba huku akisema, "Kidogo tu, utakubali, kidogo tu." Asubuhi yote ikaishia hapo. Mwishowe yule mvuvi mtu mzima alinishika mkono, akaniingiza kwenye mtumbwi wake mwembamba, akapiga kasia.

Walikuwa wamemleta mpaka ukingoni, wamemlaza kwenye kitanda cha kamba chini ya mti mdogo, wamemfunika mkeka dhidi ya mvua. Nilimwona shemeji ameketi ardhini, nikajua kabla hatujafika. Mtoto alikuwa bado tumboni. Nilimfunua dada uso, ulikuwa wa moto bado, na mimi nikamtukana. Ndiyo, nilimtukana dada yangu kwa kufa. Ndilo lililonitoka.

Shemeji alinieleza baadaye, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia. Asubuhi mdogo wake alitaka kumvusha katika ule mtumbwi mdogo, wangemkunja namna yoyote. Dada alikataa. Alisema atashindwa kukaa, na ya nini, wakati mtumbwi wake wenye pa kulala unakuja? Kila mara aliuliza kama wanauona. Mwisho alipoacha kuona vizuri walimdanganya kwamba unaonekana.

Chama kilikuja kumzika, kwa mitumbwi midogo, wawili wawili. Walipika, walichimba kaburi, walilala matangani, Wakristo wakasali na Waislamu wakaomba dua. Hawakukosa kitu. Kama kusaidiana ndiko huko, basi tulisaidiana.

Kiangazi barabara ikakauka, na mgeni akaja. Mtanisamehe kama mnadhani chama kiliona haya kikamzuia. Ufa ulipigiliwa bati na kupakwa lami, rangi ikarudishwa upya. Mwenyekiti alikuja barazani, amekonda, akaniomba utepe mwingine. Aliniambia, "Mwanangu, tukipata wa pili hatutarudia. Kwa ajili ya wengine." Nilimtazama nikaona kwamba anaamini, na kwamba akiacha kuamini ataanguka palepale. Nikashona.

Watu walijaa ufukweni. Mgeni alivaa koti na viatu vya kung'aa, mkasi ukaletwa kwenye sinia. Hapo shemeji yangu akapita katikati ya watu, amevaa shati lake la kanisani. Alikwenda kwa mwenyekiti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nimekuja kuuchukua mtumbwi wa mke wangu. Ulisema mbele ya watu kwamba ni wake."

Mgeni akauliza huyu ni nani. Mwenyekiti alisimama kama askari aliyeitwa jina lake, kisha akainama, akafungua utepe kwa vidole, bila mkasi, akaukunja, akaweka mfukoni. Akaingia nyuma ya mtumbwi, akakamata kasia. Mvuvi mtu mzima akaingia mbele. Shemeji akaingia, nami nikaingia na kata ya kuchotea maji.

Bati lilishika mpaka katikati ya mto. Kutoka hapo nilichota bila kupumzika, na mwenyekiti naye akawa anapiga kasia kwa mkono mmoja na kuchota kwa kofia yake ya keya, ile ya jeshini, kwa mkono mwingine, akilia waziwazi. Tuliufikisha. Jirani zake dada walitusaidia kuuburuta mpaka kaburini, tukaupindua, tukaufunika juu yake, bluu na nyeupe, na yule mgeni tulimwacha ng'ambo na sinia lake. Fedha za mtumbwi wa pili hazikutolewa, na chama hakikukutana tena. Mtumbwi wetu ulivuka mto mara moja tu, na mwenyewe alikuwa amekwisha kulala.