Nimekula chakula cha mgonjwa

Jumanne, 11 Juni 1957. Asubuhi baridi, upepo wa vumbi.

Gazeti limesema kweli: sisi tunaohudumia wagonjwa majumbani tunakula chakula chao.

(Sababu hawakuuliza.)

Leo, ili kulinda jina langu, nilimwandalia mgonjwa wangu, Mama Ngalula, bukari, yaani ugali, na matamba, majani ya muhogo, nikakaa mbali.

Mwanawe, Mulumba, alisimama mlangoni na gazeti mkononi. Neno lake moja tu lingenitoa kazini.

Mama akasukuma sahani.

“Weye haukule? Unaogopa ugonjwa yangu? Ao umetia kintu mu bukari?”

“Hapana, mama. Gazeti inasema tunaiba chakula ya bagonjwa.”

“Gazeti ndiyo itanilisha?”

Tangu Jumapili alikuwa hajala kitu.

Nikanawa mikono, nikamega tonge la kwanza mbele ya Mulumba.

Mama akanitazama nikimeza. Kisha akala, hata mboga akamaliza.

Mulumba aliliweka gazeti chini. Alimletea mama yake maji.

Nimemwandikia mhariri: “Ndiyo, tunakula. Mgonjwa akila peke yake huku anatazamwa, hujiona ametengwa.” Nimetia sahihi, jina langu lote.

Ninyi wa gazeti, mngemwacha ale peke yake?

Nalala sasa, saa tatu na nusu usiku.