Sketi Zisizo na Mkanda

Harufu ya amerikani mpya iliyonyunyiziwa maji kisha ikapigwa pasi ya makaa, kwangu mimi, ndiyo harufu ya mji wetu wa Kamina wa miaka ile ya hamsini. Ilijaa nyumbani hadi kwenye sufuria za bukari, ugali wetu. Mama hakugusa mkasi kabla hajakilowesha kitambaa, akakianika, akakipiga pasi. Nguo inayopungua baada ya kufuliwa, alisema, imemdanganya aliyeishona. Hakuwa fundi wa kushonea watu. Alikuwa mke wa karani wa stesheni, mwenye cherehani ya mkono na watoto wa kuvisha, basi. Lakini nikikumbuka jinsi alivyopanga nguo zangu za kwendea bweni la wasichana, na kilichozipata huko, hasira hunipanda mpaka leo, uzee huu wote.

Masika yote alikuwa akitandaza vitambaa mkekani na kuvihamisha huku na huku, kama mtu anayepanga wageni wa harusi, huyu asikae karibu na yule. Drili ya bluu, hudhurungi, amerikani nyeupe, yenye mistari, na kile cha maua alichokipenda kuliko vyote. Maua yakigombana na mistari, aliondoa kimoja akaanza upya. Baba alikuwa akiruka mkeka na kuguna, "Bibi, ile ni nguo ao ni vita?" Mwishowe zilitoka sketi mbili, blauzi tatu na kizibao, na kila kimoja kilikubaliana na chenzake. Ujanja wenyewe ulikuwa kiunoni. Sketi hazikuwa na mkanda wala kamba. Zilifungwa kwa vifungo ndani ya blauzi, na vifungo vyote viliachana kwa kipimo kimoja, urefu wa kidole chake cha kati, ili sketi yoyote iingie blauzi yoyote. Tena matundu ya vifungo kwenye sketi yalikuwa safu juu ya safu: nikirefuka, nateremsha sketi safu moja, nguo inakua pamoja nami. "Usitenganishe hizi," aliniambia akifunga sanduku. "Moja peke yake haina kazi."

Bweni lilikuwa la mamere, ndivyo tulivyowaita watawa wa Kizungu. Jumapili hii nilivaa bluu na maua, Jumapili ijayo bluu na nyeupe, nyingine hudhurungi na mistari, mara na kizibao, mara bila. Wenzangu walinitania kwamba baba yangu ana duka. Mamere mkuu naye alitazama, ila yeye hakutania. Siku moja aliamuru sanduku langu lifunguliwe mbele ya wote, na alipoona vipande vimekunjwa vizuri vile, uso ukamwiva. "Nguo mingi hivi! Benzako habana, na weye uko na majivuno!" Nikaanza kueleza kwamba zinafungana, kwamba zote pamoja ni kama gauni moja tu. Akanyoosha kidole: nyamaza. Jamani, angenisikiliza hata kidogo! Akagawa pale pale, sketi kwa huyu, blauzi kwa yule, kizibao kwa mwingine. Mimi akaniachia blauzi ya maua, na ya kuvaa chini akanipa sketi kuukuu ya bweni.

Sketi ya bluu ilimwangukia Kabange, mtoto mpole asiye na mama. Jumapili iliyofuata aliishikilia kiunoni kwa mkono tangu mlangoni mwa kanisa. Kwenye komunyo ilimbidi akutanishe mikono yote miwili kifuani, na sketi ikashuka hadi miguuni mbele ya altare. Unadhani nani aliadhibiwa? Kabange! Alisugua sakafu ya kanisa kwa kukosa adabu. Kisha mamere akachukua mkasi, akakata sehemu ya juu ya sketi zote mbili, matundu ya mama yote safu kwa safu, akapitisha kamba. Nililia kwa uchungu, nikaambiwa nina choyo.

Mama alikuja siku ya wageni na samaki wakavu wa Bukama. Alimwona Kabange kabla ya kuniona mimi. Alitazama ile kamba kiunoni, akashika ukingo wa kitambaa pale mkasi ulipopita, akauachia. Alikwenda moja kwa moja kwa mamere. Mamere akamwambia amshukuru Mungu, mtoto wake anafundishwa kutoa. Mama alijibu polepole, "Miye sikatale kutoa. Kama uliniuliza, ningeshonea kila mutoto ya kwake." Mamere akafunga mlango. Tangu siku ile hakunishonea tena nguo za kufungana. Alinishonea gauni moja zima, likichakaa, lingine. Mkeka wa vitambaa haukutandazwa tena, na sikuwahi kumsikia akisema kwa nini.

Sasa mjukuu wangu anashona hapa Kamina kwa cherehani ya umeme. Anapanga nguo hizo hizo za kuvalishana, na wateja wanamsikiliza anapoeleza hii inakwenda na ile. Hakuna anayethubutu kuingiza mkasi kwenye kazi yake bila kumwuliza. Namtazama nikifurahi, na papo hapo nakasirika upya, kwa sababu mama yangu naye alistahili kuulizwa tu. Majuzi kulikuwa na misa ya kuwakumbuka mamere wa zamani. Msomaji mmoja kijana akamtaja mamere wetu, akasifu ukarimu wake, jinsi alivyowavika yatima kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nilisimama katikati ya kanisa, na magoti yangu haya, mjukuu akinivuta kitenge nikae. Sikukaa. Nikasema kwa sauti mpaka makofi yakakatika: "Ile nguo alishonaka mama yangu. Jina lake Ngoie."