Sakafu ya Posta

Siku moja haijanitoka kichwani, mjukuu wangu Ilunga, na jana uliponipeleka kutazama mazoezi yenu ya ngoma ndani ya posta ya zamani ya hapa Kamina, ilinirudia yote. Siku hizi mnaiita nyumba ya utamaduni. Kuta mmezipaka rangi, dirisha la stempu mmelifanya la kuuzia tiketi, na pale tulipopanga foleni ndipo mnapocheza. Nilifurahi, sikufichi. Kisha nikakusikia ukimwambia Kapinga, mchezaji mwenzenu, akae nje, eti wazazi wake ni watu wa Kasai na ngoma za Jumamosi ni za Baluba wa hapa. Sikutaka kukuaibisha mbele ya wenzako. Nasema leo.

Nilikuwa msichana, nimechumbiwa na babu yako, aliyekuwa kazini Bukama. Barua zake zilikuja kwa treni, na treni ikifika, mji mzima ulihamia posta. Siku hiyo nilikuwa karibu kabisa na dirisha. Mbele yangu mke wa askari, kutoka kule Base, kambi ya jeshi, akapewa telegramu. Karani akamsomea polepole: mama yake amefariki huko kwao, mkoa wa Équateur. Akaanguka pale pale sakafuni, akalia kwa Lingala, ambayo wengi wetu hatukuielewa. Tukamtazama. Mimi nikasogea mbele, maana nafasi ilikuwa imepatikana.

Nyuma yangu alisimama Mama Mbuyi, muuza samaki, mzee wa Kikasai mwenye ulimi mkali. Akanivuta kikwembe nilichojifunga kiunoni.

"Weye unakimbia wapi? Mwenzako iko analia peke yake. Ikala chini!"

"Mama, batafunga dirisha."

"Bafunge! Barua utaikuta. Ikala!"

Akaketi yeye kwanza, juu ya simenti, na kiuno chake kile kibovu. Ndivyo tufanyavyo kwenye kilio, unajua: mfiwa hakai chini peke yake. Mmoja mmoja, foleni yote ikaketi. Hata karani akatoka kwenye dirisha lake. Barua sikuipata siku hiyo, nikanuna hadi nyumbani.

Sasa sikia kinachoniuma. Miaka ile Wakasai walipofukuzwa huku Katanga, eti warudi kwao, Mama Mbuyi naye alikaa kituoni na sufuria zake, akingoja treni ya kumpeleka asikokujua. Alizaliwa hapa hapa Kamina. Nilipita, nikamwona. Alikuwa ameketi chini. Sisi watu wa mji tulikuwa wengi pale, tumesimama tukitazama. Mimi pia nilisimama. Treni ikaondoka naye, na hadi leo sijui alifika wapi.

Mwanangu, utamaduni wetu si ngoma tu. Ni kuketi na mwenzako, awe wa kabila lolote, na katika posta ile tulifundishwa hivyo na mtu ambaye leo ungemweka nje. Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwa akina Kapinga, wewe mwenyewe, usitume mtu. Mwombe arudi, acheze katikati, si pembeni. Akikataa, keti chini uani kwao mpaka akubali.

Mungu akulinde na moyo mgumu, akupe magoti mepesi yanayokunjika upesi mwenzako anapolia. Jumamosi nitakuja. Msiniwekee kiti.